Bi Springi na Kaka Aliyevuka Barabara

Karakana ya Bi Springi iko pale mtaa wetu wa chini unapokutana na barabara kuu. Mlango wa mbele unatazama kwetu, mlango wa nyuma unatazama kwao, watu wa juu ya barabara. Ni chumba kirefu chenye harufu ya gundi na sponji. Ukutani zinaning'inia fremu za makochi yaliyovuliwa kitambaa, na katikati kuna meza ya kukatia na cherehani nzito ya kushonea turubali. Anapogonga, Bi Springi huweka misumari midogo midomoni, kwa hiyo anayepita asubuhi na kumsalimu hangoji jibu. Anangoja kichwa kitikisike, kisha anaendelea na safari yake.

Jina lake la kuzaliwa halitumiwi na mtu isipokuwa mama yake, na yeye hulitumia akikasirika tu. Hili la Springi lilimpata alipokuwa mtoto. Baba yake, aliyekuwa fundi wa makochi kabla yake, alimkuta amelala ndani ya kochi lililofumuliwa, katikati ya springi za waya, usingizi umemchukua kabisa. Akasema huyu amezaliwa humo humo, mwacheni. Kazi akairithi, jina likabaki, na sasa ana miaka hamsini na kitu, ana binti mmoja aliyeolewa mbali, na anaishi na mama yake katika vyumba viwili vilivyoungana na karakana.

Habari zake haziwezi kueleweka bila habari za barabara. Juu ya barabara wanakaa watu wa Stoo, chini tunakaa watu wa Reli. Wazee wetu wote walitoka ng'ambo, miaka ileile, wakati njia ya treni inajengwa. Wa kwetu waliletwa kupasua mawe na kulaza mataruma. Wa kwao waliletwa kutunza maghala ya kampuni, yaani misumari, mafuta, unga na mablanketi. Walitoka nchi mbili, wakisema lugha mbili. Lugha hizo zote zimekufa, na siku hizi watoto wa pande zote mbili wanatukanana kwa lugha moja na kuelewana vizuri sana. Mtu akivua viatu na shati, huwezi kujua ni wa wapi. Lakini sisi tulikuwa tunajua, au tulidhani tunajua.

Watu wa Stoo wana maduka ya dawa, ofisi za mawakili, na nyumba zenye ngazi kwa ndani. Sisi tuna mafundi, madereva, wafagiaji wa hospitali, na kinyozi mmoja anayeongea kama mbunge. Sababu za tofauti hiyo zinajulikana pande zote, ila si sababu zilezile. Wao husema walikazania shule na hawakupenda starehe. Sisi husema babu zao walishikishwa funguo na babu zetu wakashikishwa nyundo, mashindano yakaisha siku hiyohiyo. Bi Springi amesikia maelezo yote mawili tangu utotoni, na huyakubali yote mawili, kutegemea nani ametoka kuongea.

Jambo ambalo halisemwi upande wowote ni kwamba watu huvuka. Kijana wa kwetu anapata kazi juu, anabadilisha mavazi, anapanga chumba huko, anaanza kuonekana kwenye ukumbi wao, ambamo chama chao hukutana. Baada ya muda ni wa kwao. Na sisi wa chini tuna adabu moja ambayo watoto hufundishwa kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: mtu akivuka, unamfunika. Ukikutana naye sokoni, hata kama ni mtoto wa shangazi yako, unasema habari za leo, bosi, na unapita. Humwiti kwa jina la nyumbani. Humuulizi habari za mama yake. Si chuki wala wivu. Ni zawadi tunayompa, kwa kuwa hatuna nyingine.

Wapo na wanaoshuka. Mtu wa Stoo akiunguliwa na duka au akizidiwa na pombe, anakuja kupanga chumba kwetu, na hakuna anayemuuliza kitu. Watoto wake wanacheza na wetu, wanagombana na wetu, na mwisho ni wetu. Wa juu nao wana adabu ya kutomkumbuka.

Kaka yake Bi Springi alivuka. Alianza kwa kuosha chupa katika duka la dawa la juu, lile lenye kioo cha bluu. Mzee mwenye duka aliona kijana huyu havunji chupa wala haongei sana, akampeleka kusomea dawa, na mwishowe akampa binti yake. Siku ya harusi mama yake alisimama nje ya geti pamoja na wapita njia, akamwangalia bibi harusi akishuka kwenye gari, akasema amependeza, akarudi nyumbani kupika. Baba alipofariki, Kaka alikuja mazikoni kama mteja wa marehemu. Alitoa pole kwa Bi Springi kwa kumpa mkono, kisha akarudi kusimama na wateja wengine.

Lakini kila Alhamisi alikuwa anakuja. Alikuwa na kisingizio cha kiti. Aliegesha gari nyuma ya karakana, akashusha kiti kilicholegea mguu au kilichopasuka mto, akasema kwa sauti kwamba hiki nacho kimeharibika, kisha akapita hadi chumba cha ndani alikokaa mama yake. Alikaa humo kwa muda ambao mteja mbishi angeweza kubishana na fundi. Halafu alitoka na kiti cha wiki iliyopita. Bi Springi alitengeneza viti hivyo kwa uangalifu kuliko vya watu wengine wote, ingawa mara nyingi hakuona kilichoharibika zaidi ya skrubu moja iliyolegezwa.

Mama naye aliishi kwa Alhamisi. Siku nyingine alikuwa mzee wa kawaida, analalamikia magoti na bei ya sabuni. Alhamisi asubuhi alioga mapema, akachana nywele, akakaa wima.

Sasa mwaka huo akaja mtafiti, msichana wa chuo kikuu, si wa Stoo wala wa Reli, mwenye heshima na viatu vilivyojaa vumbi letu. Alitaka kujua kwa nini jamii mbili zilizofika pamoja, zote zikiwa hazina kitu, zimeishia mahali tofauti hivi. Kinyozi alimkalisha kwenye kiti cha wateja na kumweleza yote, pamoja na mengine ambayo hakuulizwa. Alipita nyumba kwa nyumba, juu na chini, na siku moja akafika karakana.

Walikaa katika chumba cha ndani. Bi Springi aliendelea kugonga mto uliokuwa magotini mwake, kwa kuwa aliamini maswali yatakuwa ya mama. Mtafiti aliuliza wazee walifika lini, walisoma hadi wapi, nyumba ni ya nani. Halafu akasema, "Bibi, umejaliwa watoto wangapi?"

"Wawili."

Bi Springi alitema misumari kiganjani. "Mmoja," alisema. "Mwingine aliondoka."

"Aliondoka kwenda wapi, shangazi?"

"Aliondoka tu."

"Hakwenda mbali," alisema mama. "Ana duka la dawa hapo juu, lenye kioo cha bluu. Wanataka kumpa uenyekiti wa ukumbi wao mwaka huu. Wewe mjukuu wangu hujanunua dawa pale? Ni mtoto mpole sana, ila sipendi anavyokonda."

Bi Springi anasema alihisi kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwa sokoni. Mama yake hakuwa amechanganyikiwa, macho yake yalikuwa makavu na yanaona vizuri. Alikuwa amechoka tu kusema mmoja.

Mtafiti hakuandika. Aliweka kalamu chini na kuanza kucheka polepole, bila furaha, akijicheka mwenyewe. Alisema karibu kila nyumba ya chini imemwambia kuna mtoto aliyeondoka, na akiuliza wapi, watu wanatazama dari. Yeye alidhani ni wafiwa, akawa anawapa pole. Na huko juu karibu kila familia ina babu ambaye hadithi yake inapitwa mbio, wanamtaja kisha wanaulizia chai.

"Basi nimekuwa nikilinganisha nini?" alisema. "Kaka yako nikimweka Stoo, Stoo wanapanda. Nikimrudisha Reli, mnapanda nyinyi. Na mama ni huyuhuyu mmoja."

Bi Springi hakuwa amewahi kulifikiri jambo hilo. Maisha yake yote aliamini kwamba mkono wa mtu wa Reli umeumbwa kushika nyundo, na hakuona ubaya, kwani yeye anaipenda nyundo yake. Lakini kama kila aliyeweka nyundo chini anaacha kuwa wa Reli, ni nani mwingine angebaki hapa isipokuwa wenye nyundo? Alikaa na wazo hilo kidogo, likageuka. Kaka si wa Stoo kweli? Watoto wake hawajui kitu kingine, na wakiulizwa watasema wao ni wa Stoo, na hawatakuwa wanadanganya. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kufumua kochi na kukuta chini ya kitambaa kuna kitambaa kingine, na chini yake kingine tena, hadi hujui ni lipi kochi lenyewe.

Mtafiti alimwomba ruhusa. Jumamosi angesoma matokeo yake katika ukumbi wa shule, mbele ya watu wa pande zote mbili, na alitaka kuieleza familia hii bila kutaja majina. Bi Springi alimwambia ampe muda. Alijua kwamba kwetu kuacha majina hakufichi kitu. Ukisema fundi makochi na mwenye duka la dawa, umeshasema kila kitu. Na alijua kinachofuata. Dereva mmoja wa mtaa huu aliwahi kuropoka jina la nyumbani la binamu yake kwenye kituo cha mafuta, na binamu huyo hakuonekana tena hata kwenye misiba. Kaka akifunuliwa ataacha kuja. Na mama yake, ambaye Ijumaa hadi Jumatano kazi yake ni kungoja, hatakuwa na cha kungoja.

Alimuuliza mama afanye nini. Mama alisema yeye ameshajibu maswali yake, wengine nao wajibu ya kwao.

Kabla ya Alhamisi kufika, lile gari la Kaka lilisimama nyuma ya karakana, na akashuka mwanamke. Bi Springi alimtambua. Alikuwa amemwona mara nyingi kwa mbali na mara moja kwa karibu, siku ya harusi, pale getini. Alikuwa mikono mitupu. Aliingia, akatazama fremu ukutani, akavuta stuli na kukaa bila kukaribishwa.

"Wifi," alisema, "viti vyangu haviharibiki kiasi hicho."

Bi Springi alikuwa na misumari mdomoni, akaona heri, akaendelea kugonga.

Mke wa Kaka aliongea taratibu, kama anayeeleza dawa ya kunywa kutwa mara tatu. Alijua tangu viti vya mwanzo. Alimwona mumewe uani akilegeza skrubu kwa bisibisi, anatazama nyuma kama mwizi, kisha anaingia ndani na kulalamika kwamba mafundi wa siku hizi hawana maana. Hakusema kitu. Huko kwao pia kuna adabu. Kisha akasema na mengine. Babu yake mwenyewe, baba wa yule mzee wa duka la dawa, alikuwa anapasua mawe ya reli, na alivuka zamani sana, wakati ghala moja lilipokosa mtunzaji. Baba yake alilijua hilo na hakulisema hadi alipougua.

"Kwa hiyo mimi na kaka yako tumeoana wa chini kwa wa chini," alisema, "na watoto wetu ndio wanaotolewa mfano wa watu wa juu. Mwaka jana mwanangu wa kwanza alipewa cheti cha kijana bora wa Stoo. Nilipiga makofi, nifanyeje?"

Bi Springi aliitoa misumari. Aliuliza swali moja tu, kama kaka yake anajua kwamba mkewe anajua. Hajui, alijibiwa. Lakini atajua kabla ya Jumamosi, kwa sababu yeye mke amechoka kununua skrubu. Kabla ya kuondoka aliingia chumba cha ndani, akapiga magoti akamwamkia mama, na mama akamwitikia na kumuuliza kama Kaka anakula vizuri, kana kwamba wamezoeana miaka yote.

Alhamisi Kaka hakuja. Bi Springi hakujua kama ameambiwa, kama wamegombana, kama ni kazi tu. Alimpelekea mtafiti jibu kwa mdomo wa kinyozi, jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana: aseme anachokiona, ila asitaje dawa wala kioo.

Jumamosi mchana ukumbi wa shule ulijaa. Wa Stoo walikaa kulia na wa Reli kushoto, bila mtu kuwapanga. Mama alisisitiza kwenda, akavaa viatu vyake vya kufunga, akakaa mbele kabisa ambako wazee wa pande zote huwekwa. Kaka alikuwa jukwaani na wakubwa wa ukumbi wao, amekonda kweli.

Mtafiti alisimama na karatasi zake na kusema, "Nilikuja kulinganisha jamii mbili. Sasa sina hakika kama ziko mbili."

Halafu alieleza. Alisema ni kweli kwamba wengine walishikishwa funguo na wengine nyundo, na ni kweli kwamba shule ya juu ilipata paa mapema na ya chini ilichelewa sana, na kwamba watoto wa juu walibanwa kusoma. Hayo yote yapo. Lakini baada ya hapo watu wamepanda na kushuka kimyakimya kiasi kwamba hawezi kutenganisha kilichofanywa na jamii na kilichofanywa na kuhama. Waliofanikiwa wanahesabiwa juu hata kama walizaliwa chini, na walioanguka wanahesabiwa chini hata kama walizaliwa juu. Alisema kuna nyumba zenye mama mmoja na watoto wa pande mbili. Hakusema zaidi.

Hapo ukumbi ulichafuka. Kinyozi alisimama. "Kwa hiyo unataka kusema sisi hatukuonewa?"

Wakili mstaafu wa Stoo naye akasimama upande wa pili. "Na sisi unataka kusema hatukufanya bidii?"

Walitazamana, kila mmoja ameshangaa kumkuta mwenzake upande wake, kisha wakaketi kwa pamoja kama waliopangwa. Kumbe wote tulikuwa tumeijia tofauti ile. Wengine waliitaka kama sifa na wengine kama lawama, na msichana huyu alikuwa ametunyang'anya wote. Watu walianza kuulizana kwa minong'ono babu yako alikuwa nani hasa. Mama mmoja wa juu alitoka nje na hakurudi. Mzee mmoja wa kwetu alisema yeye anajua babu yake alikuwa nani, ila hakumbuki alisimuliwa na nani.

Mwenyekiti wa mkutano alimwomba Kaka atoe shukrani ili watu waende nyumbani. Kaka alisimama kwenye kipaza sauti, akashukuru chuo, akashukuru shule kwa ukumbi. Kisha akashuka ngazi za jukwaa na kuanza kusalimia wazee wa safu ya mbele, mmoja mmoja, jambo ambalo halikuwa limepangwa. Alipofika kwa mama yake alisimama. Bi Springi, aliyekuwa kando yake, aliona midomo ya kaka yake ikitafuta jinsi ya kukaa.

"Huyu," alisema Kaka kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "ndiye aliyenizaa."

Mama alimtazama. Kila mtu alitazama. Na mama, ambaye siku chache tu kabla alimwambia mgeni ukweli wote bila kuombwa, alinyoosha uso wake kama anavyonyoosha sokoni.

"Umenifananisha, baba," alisema. "Mimi mwanangu aliondoka zamani."

Ukumbi ulicheka. Ulikuwa mcheko mwema, wa kumsaidia kila mtu. Mwenyekiti alisema kwenye kipaza sauti kwamba uchaguzi umekaribia, wagombea wameanza kutafuta akina mama. Watu wakacheka zaidi. Mkono wa Kaka ulikuwa bado mbele, na hakukuwa na mtu wa kuushika. Mwishowe naye akacheka, kama mtu aliyekuwa anatania, akampa mkono mzee aliyefuata.

Nyumbani mama alikaa kitandani na kuanza kufungua viatu, na kamba zikamshinda. Bi Springi alipiga magoti akamfungulia.

"Mama, mbona?"

Mama aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilimfunika," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeangalia kitu alichokivunja, "Alikuwa anajifunua, mimi nikamfunika. Mkono umezoea."

Alhamisi iliyofuata hakuja. Mama alioga, akachana nywele, akakaa wima hadi giza. Iliyofuata tena vilevile. Bi Springi alitaka kwenda duka la dawa na hakujua aende kama nani. Akienda kama fundi, hakuna kiti. Akienda kama dada, atakuwa anamfunua mtu ambaye hajulikani tena kama amefunikwa au la. Mara mbili alifika ukingo wa barabara na kurudi. Alianza kukosea kazi. Alishona mto ukiwa nje ndani, akapigilia kitambaa cha mteja mmoja kwenye kochi la mwingine. Mtafiti alikuja kuaga na kumuuliza amweke Kaka wapi katika ripoti, na Bi Springi akamwambia aache wazi. Mtafiti akasema zilizo wazi zimekuwa nyingi kuliko zilizojazwa.

Jumapili moja mchana, sote tukiwa nje kwa ajili ya joto, lile gari liliingia mtaani kwetu kwa mbele. Halikupita nyuma ya karakana. Lilisimama mlangoni kabisa, mbele ya macho ya kila mtu. Mke wa Kaka ndiye aliyekuwa anaendesha. Alishuka, akafunga mlango, akaegemea gari na kukunja mikono. Kaka alibaki ndani ameangalia mbele.

Mama alitoka na kandambili za ndani, nguo ya nyumbani, kichwa wazi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha la gari.

"Shuka."

"Ulinikana mbele ya watu, mama."

"Nilikukana, ndiyo. Na wewe ulinikana tangu harusi yako. Mimi sikununa. Shuka."

Hakushuka. Basi mama akageuka, akautazama mtaa wote, na kusema kwa nguvu zake zote, "Majirani, huyu ni mwanangu."

Na sisi tukafanya tunachojua. Kinyozi alianza kukung'uta taulo iliyokuwa safi. Mama wa nyumba ya jirani aliita watoto wake ndani kwa habari ya uji ambao haukuwepo. Wanaume waliokuwa kwenye benchi waligeuka wote na kuanza kujadili bati la paa la mbele yao, kama linahitaji kubadilishwa mwaka huu au mwakani. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Tulikuwa tunamsitiri Kaka, tunamsitiri mama yake, tunamsitiri na yule mwanamke wa watu. Mama alirudia maneno yake, na kadiri alivyoyarudia ndivyo tulivyozidi kuwapa migongo kwa heshima.

Hatujui basi uso wa Kaka ulikuwaje. Tulisikia sauti kutoka garini ambayo ingeweza kuwa kicheko, na ingeweza kuwa kile kingine. Tulisikia mlango ukifunguka. Tulisikia viatu vya ngozi juu ya changarawe, vinakwenda kwenye mlango wa mbele, na kandambili zikivifuata, na mtu akimwambia mtu aangalie kizingiti.

Bi Springi peke yake ndiye aliyekuwa ametazama muda wote, amesimama mlangoni mwa karakana. Alitutazama sisi, migongo yote ile, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba asaidiwe kusogeza meza, "Geukeni, basi."

Hatukuwa na hakika kama kugeuka ni adabu. Wengine waligeuka. Wengine tuliendelea kuliangalia lile bati.